UDAKTARI HAUUZWI DUKANI

Ndugu Wanachama,

Kuna biashara iliyoingia vijijini mwetu, nayo inakula jasho la mfanya kazi kuliko mwajiri mbaya. Mwajiri mbaya hukukata shilingi mia tano, ukamwendea katibu wa tawi, tukamwita mezani na tukamwonyesha sheria. Biashara hii hukukata mshahara wa miaka minne kwa siku moja, na ukitaka kulalamika hujui mlango wa kugonga. Ni biashara ya kuuza nafasi za masomo ya udaktari na uuguzi katika vyuo vya ng'ambo.

Makala hii yafaa isomwe na kila mzazi wa Mukuyuni mwenye mtoto aliyemaliza Kidato cha Nne. Yafaa zaidi isomwe na kila mwanachama aliyeombwa na mwenzake kutia sahihi ya udhamini. Ukimaliza kusoma, mpe jirani yako.

BWANA WAKALA NI NANI?

Mnamjua. Amevaa suti, anazungumza kwa upole, na simu yake imejaa picha za bahari na majengo meupe. Zamani alikuwa na chumba kimoja ghorofani Nairobi au Machakos. Siku hizi hana hata chumba, ana namba ya simu tu. Anamwambia mama anayeuza maembe: "Mtoto wako atakuwa daktari. Hakuna mtihani wa kuingia. Alama si neno. Kazi iko tayari akimaliza. Lakini kiti kimebaki kimoja, lipa leo."

Tuyapime maneno hayo moja moja, kama tunavyopima maneno ya mwajiri wakati wa mapatano.

"Hakuna mtihani wa kuingia." Ni nani hapa angepanda basi ambalo dereva wake hakufanya mtihani? Chuo kisichochagua wanafunzi hakitafuti madaktari, kinatafuta walipaji.

"Alama si neno." Kwa Bwana Wakala si neno, lakini kwa Baraza la Madaktari la Kenya ni neno kubwa. Baraza lina kiwango chake cha alama za KCSE kwa mtu anayetaka kusomea udaktari, na kiwango hicho hakifutwi na tiketi ya ndege. Mtoto aliyekwenda bila kukifikia atarudi na karatasi yake na kukikuta mlangoni kinamngoja.

"Kazi iko tayari." Kazi ya nani? Hakuna chuo duniani chenye mamlaka ya kumpa mtu kibali cha kutibu watu katika nchi nyingine. Kibali hutolewa na nchi yenyewe.

"Lipa leo." Hapo ndipo ukweli ulipo. Bwana Wakala hulipwa kwa kichwa, kama dalali wa mbuzi katika soko la Emali. Dalali hajali kama mbuzi atafika mbali akiwa mzima; yeye huhesabu vichwa vilivyopanda gari. Mara nyingi hula pande mbili: anachukua "ada ya huduma" kwa mzazi, na anachukua fungu lake kwa chuo. Mtu anayelipwa na muuzaji hawezi kuwa mshauri wa mnunuzi. Jambo hili wafanya kazi tunalifahamu vizuri, maana hatukubali kamwe mwajiri atuchagulie msemaji wetu.

VYUO VYA VISIWANI HUFANYAJE KAZI

Yafaa tujue mtambo wenyewe, maana haukuanza jana wala haukuanza Afrika.

Katika bahari ya Caribbean, upande wa Marekani, kuna visiwa vidogo vyenye serikali maskini. Tangu miaka ya 1970 matajiri walivumbua njia ya kuchuma hapo. Unaiomba serikali ya kisiwa hati ya kufungua chuo cha udaktari. Ofisi ya kupokea pesa unaiweka nchi nyingine. Unafundisha miaka miwili ya vitabu kisiwani, kisha unawaambia wanafunzi waende kutafuta hospitali za kujifunzia katika nchi za mbali, nao walipe tena. Wengi wa vyuo hivi hupokea wanafunzi mara tatu kwa mwaka, yaani Januari, Mei na Septemba. Hupokea wengi sana, kisha huwaacha waanguke njiani. Aliyeanguka harudishiwi ada. Chuo cha namna hii hupata faida hata kwa wale wasiofika mwisho.

Tuseme haki: si vyote ni vya uongo. Chuo cha St. George's cha Grenada kilipata hati yake mwaka 1976, na kimetoa madaktari wa kweli wengi ambao walifanya mitihani ya Marekani wakafaulu. Lakini bidhaa nzuri dukani ndiyo inayomsaidia mwizi kuuza bidhaa mbaya, kwa kuwa mzazi wa mbali hawezi kutofautisha chupa mbili zenye karatasi ya rangi moja.

Tazameni yaliyotokea Jamhuri ya Dominika. Huko kulikuwa na vyuo viwili vya udaktari, CETEC na CIFAS. Mwaka 1984 serikali ya nchi hiyo ilivifunga, kwa sababu iligundulika kwamba shahada za udaktari zilikuwa zikiuzwa kwa watu ambao hawakusoma. Mwaka huo huo kamati ya Bunge la Marekani ilimsikiliza wakala mmoja aliyekuwa amefungwa kwa kazi hiyo. Alieleza jinsi alivyopanga karatasi za wateja wake, naye alikuwa amechuma zaidi ya dola milioni moja. Watu wale walikuwa wakitafuta kushika visu vya kupasulia wagonjwa.

Msiseme hayo ni ya zamani. Mwezi wa Aprili 2022 Tume ya Biashara ya Marekani ilikishtaki chuo cha Saint James, chenye matawi yake katika visiwa vya Anguilla na St. Vincent. Chuo kilikuwa kikitangaza kwamba wanafunzi wake hufaulu mtihani wa kwanza wa udaktari wa Marekani kwa asilimia 96.77. Tume ilisema kwamba kati ya waliomaliza masomo yanayotakiwa kabla ya mtihani huo, waliofaulu ni asilimia 35 tu. Chuo kilitangaza tena kwamba asilimia 83 hupata nafasi za mafunzo hospitalini. Tume ikasema ni asilimia 63. Mambo yakamalizwa kwa mapatano ya dola milioni 1.2 za kuwarudishia na kuwafutia madeni wanafunzi.

Fikirini sasa. Wale walidanganywa katika nchi yenye tume kubwa, mahakama kubwa na magazeti makubwa. Je, mkulima wa Kaiti aliyetuma pesa kwa simu atatetewa na nani?

DAKTARI HUFANYWA HOSPITALINI

Kuna ndugu watasema, "Elimu ni elimu, kitabu cha Nairobi na kitabu cha kisiwani ni kimoja." Hapana. Fundi wa gari hafanywi kwa kusoma kitabu cha injini. Hufanywa chini ya gari, nguo zikiwa na mafuta, na fundi mkuu amesimama juu yake. Vivyo hivyo daktari hufanywa wodini. Hujifunza kwa kumtazama mgonjwa aliye hai, usiku na mchana, mbele ya daktari mkuu atakayemkemea akikosea.

Ndiyo maana chuo cha Makerere kilipoanza kufundisha utabibu mwaka 1924, kilishikamana na hospitali ya Mulago. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha madaktari mwaka 1967, kilishikamana na hospitali kuu ya Kenyatta. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza Bwana Wakala ni hili: hospitali yenu ya kufundishia ni ipi, na ina vitanda vingapi? Akikuonyesha picha ya maktaba, ondoka. Akikuonyesha picha ya ufuo wa bahari, ondoka upesi.

Na kuna hila nyingine. Bwana Wakala atasema, "Chuo chetu kimeandikwa katika orodha ya dunia. Kinatambuliwa na Shirika la Afya la Dunia." Shirika la Afya la Dunia halina kazi ya kutambua vyuo vya udaktari, wala halijapewa kazi hiyo. Na Orodha ya Vyuo vya Udaktari vya Dunia, ambayo ilianza mwaka 2014, inasema yenyewe waziwazi kwamba kuandikwa ndani yake si ushahidi wa ubora. Jina la mtu kuwa katika daftari ya chifu si ushahidi kwamba ni mwaminifu.

YALIYOTOKEA UASIN GISHU

Ndugu, hatuna haja ya kwenda mpaka visiwani kutafuta mfano. Tunao nyumbani.

Mwaka 2021 serikali ya kaunti ya Uasin Gishu ilitangaza mpango wa kupeleka vijana kusoma Finland na Canada. Wazazi, wengi wao wakulima na wafanya kazi wa mshahara, waliuza mashamba na ng'ombe na kuchukua mikopo. Walilipa mamia ya maelfu ya shilingi, wengine hata kupita milioni, katika akaunti ya benki ya mfuko wa elimu wa kaunti. Baadhi ya vijana walikwenda, wengine walibaki nyumbani wakingoja visa. Kisha vyuo vya Finland, kikiwamo cha Laurea na cha Tampere, vikasema havijapata ada zao, na vijana waliokuwa darasani wakaambiwa watafukuzwa. Waliofukuzwa chuoni Ulaya hupoteza haki ya kukaa huko.

Mwaka 2023 Kamati ya Seneti iliketi ikasikiliza wazazi. Mwezi wa Agosti mwaka huo wazazi na vijana waliandamana Eldoret. Mwezi huo huo aliyekuwa gavana, Bwana Jackson Mandago, ambaye wakati huo alikuwa seneta, alifikishwa mbele ya mahakama ya Nakuru pamoja na maofisa wa kaunti, kwa mashtaka ya kula njama ya kuiba shilingi bilioni 1.1. Walikana mashtaka, na kazi ya kuhukumu ni ya mahakama, si ya jarida hili.

Lakini kazi ya kujifunza ni yetu. Somo la Uasin Gishu ni hili: vyuo vile vya Finland vilikuwa vya kweli. Vina majengo, vina walimu. Hata hivyo watoto waliumia. Kwa hiyo kuna mashimo mawili njiani. Shimo la kwanza ni chuo cha uongo. Shimo la pili ni pesa kupotea katikati, kabla ya kufika kwenye chuo cha kweli. Mzazi akiruka la kwanza anaweza kuangukia la pili. Na muhuri wa serikali hauzibi shimo; wazazi wale waliamini muhuri.

JINA LILILOCHUKULIWA

Jambo moja linatuuma sisi wa vyama vya wafanya kazi. Mpango ule wa Uasin Gishu uliitwa "Airlift". Jina hilo lina wenyewe.

Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani. Aliyefanya kazi kubwa ya kuipata alikuwa Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour, yaani kiongozi wa wafanya kazi. Serikali ya kikoloni haikuipenda safari hiyo, maana ilitaka kuchagua yenyewe Mwafrika gani asome na asome nini. Pesa za ndege zilichangwa na watu wa Marekani, miongoni mwao Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka 1960 mfuko wa ukoo wa Kennedy ulitoa dola 100,000. Mpaka ilipofika 1963 walikuwa wamekwenda karibu vijana 800. Wangari Maathai alikwenda kwa mpango huo mwaka 1960.

Tofauti ni ipi? Mwanafunzi wa 1959 alikuwa na barua ya chuo mkononi kabla ya kupanda ndege, na chuo kilimjua kwa jina lake. Kijiji kilimchangia, na kijiji kilijua kila senti imekwenda wapi, maana daftari ilisomwa mbele ya watu chini ya mti. Hapakuwa na mtu katikati aliyelipwa kwa kichwa. Ile ilikuwa harambee. Hii ya leo ni mnada. Anayelitumia jina la kazi ya Mboya kwa kufungua duka, anaiba mara mbili: anaiba pesa, na anaiba heshima ya wafanya kazi.

HESABU YA MKOPO

Wengi husema, "Hayo ni mambo ya mzazi na mtoto wake, Chama kinaingiliaje?" Tunaingia kwa sababu pesa hizi hutoka katika mshahara, na mshahara ni kazi yetu. Tufanye hesabu pamoja.

Tuseme mwanachama anakopa shilingi 600,000 katika chama cha kuweka na kukopa, kwa miezi 48, na riba ni asilimia moja kwa mwezi juu ya deni linalobaki. Kila mwezi atarudisha shilingi 12,500 za deni. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 6,000, kwa hiyo atakatwa 18,500. Riba hupungua kidogo kidogo, na mwisho wa miaka minne atakuwa amelipa riba ya shilingi 147,000. Jumla ni shilingi 747,000. Hiyo ni ada ya kuanzia tu. Mtoto hajala, hajalipa nyumba, hajanunua koti la baridi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Sheria hiyo iliwekwa ili mfanya kazi arudi nyumbani na kitu cha kununua unga. Lakini kuna watu wanaoikwepa: wanakopa tena kwa simu, na tena kwa tajiri wa mtaani, na mwisho hati ya shamba inalala katika kabati la mtu mwingine.

Na aliyekopa akishindwa, nani hulipa? Wadhamini. Mpishi wa shule, karani wa kaunti, dereva, mwalimu, wote waliotia sahihi kwa wema kwa sababu "mtoto wetu anakwenda kuwa daktari", akiba zao huchukuliwa. Hawakuwahi kumwona Bwana Wakala. Hawakuwahi kuona hata picha ya chuo. Ndivyo mwizi mmoja aliyekaa mbali anavyoweza kuvunja urafiki wa watu watano waliofanya kazi pamoja miaka ishirini. Mwajiri aliyetaka kuwagawanya wafanya kazi asingepata njia bora kuliko hii.

WANAOSEMA CHAMA KINAPINGA ELIMU

Wako watakaosimama mkutanoni waseme, "Viongozi wana wivu. Watoto wao wamesoma, sasa wanafunga mlango." Tuwajibu bila hasira.

Hatupingi mtoto wa mfanya kazi kuwa daktari. Tunalitaka jambo hilo kuliko mtu yeyote, maana ni sisi tunaopanga foleni Wote na Machakos tukimngoja daktari mmoja. Kaunti ya Makueni ilipoanzisha mwaka 2016 mpango wa matibabu wa shilingi 500 kwa mwaka kwa kila jamaa, watu walimiminika hospitalini, na kila mtu akaona kwamba dawa na majengo bila watu wa kutibu ni nusu ya kazi. Madaktari tunawahitaji. Tunachopinga ni kuuziwa kivuli cha daktari kwa bei ya daktari.

Tena wako wanaosema, "Mtoto wangu alikosa alama, nimwache akae bure?" Hapana, usimwache. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, kilianza mwaka 1927, na kina matawi huku kwetu Makueni, Kitui na Machakos. Hutoa wauguzi, matabibu na mafundi wa maabara wanaotambuliwa na mabaraza yao. Tabibu aliyefanya kazi wodini anaweza kuendelea na masomo akiwa na mshahara. Njia hiyo ni ndefu, lakini ina mwisho. Njia ya Bwana Wakala ni fupi kwa sababu inaishia kwenye mfuko wake.

Na kwenda ng'ambo si dhambi. Vijana wetu wengi walisoma Urusi, India, Ukraine na kwingineko, wakarudi, wakafanya mtihani, wakatutibu. Lakini hata huko kwenye vyuo vya kweli kuna hatari zake. Vita vilipoanza Ukraine mwezi wa Februari 2022, maelfu ya wanafunzi wa Kiafrika, wengi wao wa udaktari, walikimbia na mizigo mgongoni. Anayekwenda aende akijua.

SERIKALI NAYO ISIKIE

Bwana Wakala hakuota kama uyoga. Serikali ndiyo iliyomlimia shamba.

Nafasi za udaktari katika vyuo vya umma ni chache, na ada imekuwa mzigo. Mwaka 2023 Serikali ilileta mpango mpya wa kulipia vyuo vikuu, wazazi wakalia, na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mpango ule haupatani na Katiba. Mzazi aliyefungiwa mlango wa nyumbani husikiliza kila anayegonga dirisha.

Tena Serikali hiyo hiyo inayosema nchi haina madaktari ya kutosha, haiwatendei haki walioko. Madaktari walipogoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 mpaka Machi 2017, kwa sababu mapatano yaliyotiwa sahihi mwaka 2013 hayakutimizwa, viongozi wa chama chao walitiwa ndani. Mwaka 2024 waligoma tena siku 56. Madaktari wanafunzi walikuwa na haki ya shilingi 206,000 kwa mwezi kwa mapatano, na Serikali ikataka kuwapa 70,000. Basi vijana wanaona daktari aliyesoma Nairobi akipigwa mabomu ya machozi barabarani, na Bwana Wakala anakuja na picha ya Ulaya. Nani atamshinda kwa maneno? Hatutamshinda kwa maneno. Atashindwa siku ambayo vyuo vyetu vitakuwa na nafasi na hospitali zetu zitakuwa na kazi yenye mshahara wa haki. Kwa hiyo vita vya madaktari ni vita vyetu pia, hata sisi tunaofagia hospitali na kuendesha magari yake.

MAMBO SITA YA KUFANYA KABLA YA KULIPA

(1) Nenda, au andika, kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, Nairobi. Kama ni uuguzi, kwa Baraza la Wauguzi. Uliza: mtoto wangu ana alama hizi, anataka chuo hiki, akirudi mtampokea? Taka jibu la maandishi. Daktari aliyesoma ng'ambo hana budi kupita kwa Baraza, afanye mtihani wake na mafunzo ya hospitalini, kabla ya kugusa mgonjwa hapa.

(2) Uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kama shahada ya chuo hicho hutambuliwa Kenya. Uliza pia kama wakala huyo ana idhini ya Tume ya kuandikisha wanafunzi wa vyuo vya nje. Asiye na idhini ni mchuuzi.

(3) Kiandikie chuo chenyewe moja kwa moja, bila kupitia kwa wakala. Chuo cha kweli hujibu mzazi.

(4) Ada ilipwe kwa akaunti ya chuo, kwa jina la chuo, katika nchi ya chuo. Usitume kwa simu ya mtu, wala kwa akaunti ya kampuni ya katikati, hata ikiwa na nembo ya serikali.

(5) Uliza ni wangapi walioanza na wangapi waliomaliza. Usikubali kuambiwa waliofaulu tu. Mmeona hesabu ya asilimia 96.77.

(6) Weka kila risiti. Ukidanganywa, nenda kwa polisi wa upelelezi siku hiyo hiyo, usione haya. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na mtu anaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Mwizi huishi kwa haya ya aliyeibiwa.

MAMBO AMBAYO TUNADAI

Tunaleta maazimio haya mbele ya mkutano wa tawi, ili yajadiliwe na kupitishwa:

KWANZA, vyama vyetu vya kuweka na kukopa visitoe mkopo wa masomo ya ng'ambo mpaka mkopaji alete barua ya Baraza husika, na hundi iandikwe kwa jina la chuo, si kwa jina la mkopaji wala la wakala.

PILI, kila mdhamini aonyeshwe barua hiyo kabla ya kutia sahihi. Mwanachama asiyeonyeshwa asitie sahihi, na asiitwe mchoyo.

TATU, Serikali itangaze kila mwaka, kwa Kiswahili, katika ofisi za machifu na sokoni, majina ya mawakala wenye idhini na ya vyuo ambavyo shahada zake hazipokewi. Orodha iliyofichwa Nairobi haimlindi mtu wa Mukuyuni.

NNE, wakala achukuliwe sheria kama mwajiri. Aweke dhamana ya pesa kabla ya kufungua mlango, ili mteja akidanganywa pawe na kitu cha kumrudishia.

TANO, nafasi za udaktari na uuguzi katika vyuo vya umma ziongezwe, na mapatano na madaktari na wauguzi yatimizwe yote.

Ndugu Wanachama, mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya wazee wetu wa Ukambani ng'ombe zao na kuwauza kwa bei ya kutupa, ati ni kwa faida ya udongo. Wazee hawakukaa kimya. Waliondoka vijijini kwa maelfu, wanaume na wanawake, wakatembea mpaka Nairobi, wakakaa huko majuma mengi wakidai ng'ombe zao. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alipelekwa kifungoni Lamu. Lakini Serikali ikalazimika kurudi nyuma.

Wazee wale walinyang'anywa kwa bunduki na wakakataa. Sisi leo tunafungua zizi kwa mikono yetu, tunamwita mnunuzi, tunauza ng'ombe wa mwisho, na pesa tunampa mtu tusiyejua hata kwao. Watoto wetu wastahili kuwa madaktari. Basi tuwapeleke kwa njia ya kweli, tukiwa macho, tukiwa pamoja, na daftari ikisomwa mbele ya watu.

Mkutano wa tawi ukiitwa, njooni wote. Mwenye karatasi ya wakala aje nayo, tuisome pamoja.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi, Mukuyuni